Nilimwomba Mtu Asiyeweza Kukataa

Nina miaka sitini na minane na sijui kukaa. Wasomaji wenzangu, msinicheke! Nikikaa kwenye kiti dakika kumi, nainuka. Nikiinuka, naenda mlangoni, naitazama ile barabara ya msikitini, narudi ndani. Wajukuu wangu hapa Majengo wananiita Babu Zunguka. Wanadhani ni uzee... Laiti wangejua!

Haya nimeyaficha zaidi ya miaka arobaini. Mwaka jana kulitokea kifo kule Siakago, na tangu siku hiyo naona nikizidi kunyamaza nitapasuka. Basi nimeazima kalamu ya mjukuu wangu. Mkitaka kunihukumu, nihukumuni, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Jina langu ni Ramadhani. Baba yangu, Mzee Juma, alikuwa mchinjaji hapa Majengo, Meru. Babu alikuwa mpagazi aliyekuja na misafara kutoka mbali, miguu ikachoka akabaki hapa. Mama alikuwa Mmeru. Kwa hiyo mimi ni mchanganyiko kama nusu ya Majengo nzima, na wakati ule jambo hilo dogo lilinipa nafasi ambayo wengine hawakuwa nayo.

Mbuzi wa baba walitoka Umbeere, kule chini kwenye joto, kwa mtu wa Siakago aliyeitwa Mzee Nyaga. Hawakuandikiana karatasi hata siku moja. Walikuwa gichiaro.

Wasomaji wa mbali labda hamlijui neno hilo. Gichiaro ni undugu wa kuapa. Watu wawili wanachinja mbuzi, wanalishana nyama mbele ya wazee, na kuanzia hapo ni ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Huwezi kumdanganya gichiaro wako. Huwezi kumdhuru. Huwezi kuoa binti yake. Na kubwa kuliko yote, akikuomba kitu huwezi kumnyima. Akimtaka ng'ombe wako wa pekee, unamfungua na kumkabidhi kamba, basi.

Baba alipenda sana kusimulia siku walipoapa. Wazee wa Umbeere walitaka damu ionjwe. Baba akasema yeye ni Mwislamu, damu ni haramu. Walibishana kuanzia asubuhi mpaka yule mbuzi mwenyewe akalala chini kwa kuchoka! Mwishowe wakakubaliana baba achinje kwa bismillahi, halafu walishane ini la kuchoma. Kila alipofika hapo kwenye ini, baba alicheka mpaka akajifuta machozi.

Wazee walipozeeka, undugu ule tuliurithi sisi watoto. Mtoto wa Nyaga aliitwa Njiru. Alinizidi miaka miwili, mrefu, mpole, akicheka hewa ilimtokea puani tu. Alikuwa na duka dogo la mabati pale Siakago, na mkewe aliitwa Muthoni. Walikuwa na mtoto mmoja, Wawira, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Kila nikienda nilimchukulia kipande cha sukari nguru. Akishakilamba, viganja vyake vya kunata alivifuta kwenye kanzu yangu, na mimi nilimwacha tu.

Biashara yetu ilikuwa hivi. Njiru alikusanya mbuzi, ndengu na asali kwa watu wa huko nyikani, ambao walimpa mali yao kwa neno tu kwa sababu walimjua baba yake na babu yake. Mimi niliuza huku Meru, nikamteremshia mahindi, chumvi na mablanketi. Nikimtuma mtu yeyote anayepita aseme, "Njiru, Ramadhani anataka mbuzi ishirini," mbuzi walikuja. Sikuwahi kuuliza kama ilikuwa rahisi kwake kuwapata. Kwa nini sikuuliza? Ujana bwana... ujana na ujinga!

Kisha wapiganaji wakaingia msituni kupigana na Wazungu, na serikali ikatangaza Hali ya Hatari.

Waliokuwepo wanakumbuka. Mkikuyu, Mwembu, Mmeru, Mmbeere, wote hawakwenda popote bila pasi. Mimi, kwa sababu ya babu yangu mpagazi, niliandikwa mtu wa kuja. Askari waliangalia kofia yangu na karatasi yangu, wakanipungia mkono nipite. Nilipita kila mahali nikijiona mtu wa maana sana.

Njiru naye alikuwa na kinga moja tu, leseni ya duka. Aliitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika ukutani, juu ya mizani. Kwa sababu ya leseni ile alipewa pasi ya kuzunguka kununua mbuzi. Tena, kwa sababu yake hakuhesabiwa pamoja na wanaume waliopelekwa juu upande wa Manyatta, pembeni mwa msitu, kuchimba lile handaki refu la kuwazuia wapiganaji wasipate chakula. Mwanamume asiye na leseni wala kazi ya kuandikwa alichukuliwa. Watu walirudi kutoka kule wakikohoa, na wengine hawakurudi.

Kila mtu Siakago alilijua hilo. Mimi pia nilijua. Niandike tena, msije mkanionea huruma ya bure: mimi pia nilijua!

Sasa niwaeleze habari za Bwana Lalji.

Lalji alikuwa Mhindi mwenye duka la jumla pale Meru mjini. Alipata tenda ya kupeleka mbuzi kwenye kambi ya askari, mbuzi wengi, kila wiki. Watu wa ukoo wake walikuwa na njia yao ya biashara. Shemeji yake alikuwa na duka Embu, binamu yake Nanyuki, na mjomba wao Nairobi ndiye aliyewatangulia kufungua. Barua fupi ya maandishi yao ilitoka duka hili ikaenda lile, na mali ikafuata nyuma yake. Mmoja akisema mtu fulani ni mzuri, milango yote inafunguka. Akisema ni mbaya, yote inafungwa.

Siku moja aliniita nyuma ya kaunta. Nyuma ya kaunta! Maisha yangu yote nilikuwa nasimama mbele yake na wateja wengine. Alinipa kiti cha mbao na chai ya tangawizi kwenye glasi, akaanza kucheka habari za shemeji yake.

"Yule wa Embu ananikatalia kila wiki," aliniambia. "Mimi naandika nataka magunia kumi ya sukari, yeye anasema chukua matano. Mimi nasema nane, yeye anasema nenda zako. Ndiyo biashara, Ramadhani! Watu wa nyumba moja wanakataliana, kesho wanakula pamoja."

Nilicheka naye. Masikio yangu yalisikia lakini kichwa kilikuwa kwenye ile glasi ya chai.

Akaniambia anataka mtu mmoja wa kumletea mbuzi wote wa Siakago, na mtu huyo niwe mimi. Lakini mjomba wa Nairobi alikuwa ameuliza, huyo wa Siakago ni nani, na jina lake liko kwenye karatasi gani? Akiambiwa ni Mmbeere, anayeweza kukamatwa kesho asubuhi, hatakubali mlolongo wao uguse mkono wa mtu huyo. Lalji alitaka jina lililo kwenye leseni ya Siakago liwe jina la mtu anayekunywa naye chai. Ofisi ya serikali siku zile haikutoa leseni mpya, ilikubali tu ile ya zamani ihamishwe kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

"Muulize huyo rafiki yako," Lalji alisema. "Akikubali, vizuri. Asipokubali, tutatafuta njia nyingine."

Mnaona? Kwake yeye lilikuwa swali tu. Aliona nitauliza, Njiru atabisha, nitaomba tena, tutakutana katikati kama yeye na shemeji yake. Na mimi, mtoto wa Majengo niliyeonjeshwa gichiaro pamoja na maziwa ya mama, sikumweleza kwamba kule ninakokwenda hakuna katikati.

Nilitoka pale kichwa kimevimba. Nililiona lori lenye jina langu ubavuni. Nilijiambia ni msimu mmoja tu, halafu nitamrudishia. Njia nzima mpaka Siakago nilijirudia maneno hayohayo... msimu mmoja, msimu mmoja...

Nilipofika, Njiru hakuwepo. Alikuwa amekwenda kununua mbuzi. Muthoni alikuwa anapepeta ndengu mbele ya duka. Sikuweza hata kungoja, nikamweleza yote, kifua mbele, nikidhani atafurahi shemeji yake anapanda cheo.

Aliweka ungo chini.

"Shemeji, hiyo maneno umeshaambia Njiru?"

Nikamwambia bado.

"Basi usimwambie." Aliniangalia usoni mpaka nikakwepa macho. "Mimi nikimwomba, anaweza kukataa. Mama yake akimwomba, anaweza kukataa. Wewe tu ndiye hawezi. Hiyo leseni ndiyo inamfanya analala hapa na sisi. Sasa mwenye nguvu ya kukataa ni wewe. Rudi Meru. Mimi sitasema ulikuja."

Aliokota mfuko wangu, akanitundikia begani mwenyewe! Wawira alikuwa ameshika kanzu yangu, anadai sukari nguru yake.

Nilifanya nini? Nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu mwanamke ana kijicho, hataki mtu wa Majengo ainuke. Nikautua mfuko. Nikavuta kibao, nikakaa. Nikamwambia, "Nitamngoja mwenyewe."

Nilikaa pale alasiri nzima, nimetulia tuli, nakula ndengu za moto. Nawaambieni, hiyo ndiyo siku ya mwisho mimi kukaa kwa raha duniani.

Njiru alirudi jua likiwa bado halijazama. Hata maji ya kunawa miguu sikumngoja ayamalize. Nikamwomba.

Aliitazama ile fremu juu ya mizani. Muthoni alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Umefikiri, gichiaro?" aliniuliza. Hilo tu.

Nikasema nimefikiri.

"Sawa."

Akapanda juu ya gunia, akaiteremsha fremu, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake. Muthoni aligeuka akaingia ndani.

Kesho yake tulikwenda kwa karani. Karani alikuwa mtu wa kwingine, akashangaa. Alimuuliza Njiru mara mbili kama anaitoa kwa hiari yake. "Ameniomba," Njiru alijibu. Karani akasema, "Kwani huwezi kukataa?" Njiru akatoa kile kicheko chake cha puani, akaweka kidole kwenye wino.

Mpango wangu ulikuwa kumwandikisha Njiru kama mfanyakazi wangu, ili naye awe na karatasi ya kumlinda. Mpango mzuri, sivyo? Lakini karani alitaka nirudi na picha na barua. Nikasema wiki ijayo. Wiki ile lori la Lalji lilikuja, tukapakia mbuzi, nikakaa mbele na dereva kama bwana mkubwa. Nikasema wiki ijayo tena. Wiki ya tatu nilialikwa chai nyuma ya kaunta.

Wiki ya nne homugadi, wale askari wa kienyeji wa serikali, walipita Siakago wakikusanya wanaume. Walimuuliza Njiru leseni yake iko wapi. Akawaonyesha msumari mtupu ukutani.

Niliposikia, nilikimbia na ile barua na picha, nikapanda mpaka Manyatta, mpaka kule pembeni mwa msitu. Mkubwa wa walinzi wa pale aliisoma karatasi yangu akacheka. Tarehe yake ilikuwa ya juzi! Akaniambia watu wameshahesabiwa, niondoke kabla hajanihesabu na mimi.

Nililiona handaki. Nilimwona Njiru ndani yake, udongo mpaka kiunoni, baridi ya mlima imemkausha midomo, mtu wa joto yule, hata sweta hana. Na yeye aliniona. Aliinua jembe kidogo kunisalimu... Jamani, alinisalimu! Afadhali angenitemea mate.

Nilirudi Meru nikitembea. Ningeweza kupanda gari, lakini sikuweza kukaa.

Msiba mmoja haukutosha. Wawira akashikwa na surua. Muthoni akatuma neno kwa watu mpaka likafika kule juu. Njiru akatoroka handakini mchana kweupe kuja kumwona mtoto wake, bila pasi. Zamani, akiwa na leseni, angepita njia ileile akipiga mluzi. Sasa walimkamata kabla hajafika hata nusu, wakasema mtu anayetembea bila karatasi anawapelekea wa msituni habari. Akapelekwa kambi ya mbali sana, jina lake hatukuambiwa.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilifika Siakago na lori, mfukoni nina sukari nguru kama kawaida. Muthoni alikuwa mlangoni. Nikamsalimu, nikauliza, "Wawira yuko wapi?"

Alinyoosha mkono tu, akaonyesha nyuma ya nyumba. Nikaenda, nikidhani anacheza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na udongo mbichi, umezungushiwa miiba ili fisi wasifukue.

Ile sukari nguru sikumbuki niliipeleka wapi.

Nilipotoka pale nilikwenda mabomani kutafuta mbuzi, maana lori lilikuwa linangoja. Ndiyo, nilikwenda! Mtu aliyechanganyikiwa hufanya alichozoea. Nikakaribishwa vizuri, nikapewa kibao na uji. Nikauliza mbuzi. Mbuzi wameenda malishoni. Boma la pili, mbuzi wameenda malishoni. La tatu, la nne... na mimi nawasikia wanalia zizini! Hakuna aliyenitukana. Watu wale hawana barua wala duka Nairobi, lakini ndani ya wiki moja, kutoka Siakago mpaka Tharaka, hakukuwa na mtu wa kunipa hata kwato. Walikuwa wamenijua. Aliyemla gichiaro wake.

Lori lilirudi tupu. Wiki iliyofuata likarudi tupu tena. Lalji akaniita, na safari hii nilisimama mbele ya kaunta. Nikamweleza kila kitu, mpaka habari za mtoto. Alivua miwani yake, akaishika muda mrefu.

"Lakini kwa nini hakukataa?" aliniuliza.

Wasomaji, hakuwa anajitetea. Alikuwa hajui kweli! Nikamweleza maana ya gichiaro, ambayo nilipaswa kumweleza siku ile ya chai.

"Mimi nilisema muulize," Lalji akasema polepole. "Wewe hukuuliza. Wewe ulichukua. Ungeniambia, ningempa yeye kazi kwa njia nyingine. Mjomba angekasirika kidogo, mimi ningebishana naye, angekubali."

Jioni ile aliandika barua zake fupi. Nilikwenda Embu, nikaambiwa mali hakuna, bwana, huku naiona rafuni. Nilikwenda Nanyuki, mali hakuna. Waliniambia kwa adabu, hata maji ya kunywa walinipa. Watu wa Siakago na watu wa Lalji hawakujuana, hawakula pamoja, hawakuabudu pamoja, lakini wote walinifungia mlango ndani ya mwezi mmoja.

Kulibaki nyumbani. Hapa Majengo biashara ilifungwa kwa Fatiha mbele ya shahidi, na ukivunja, unavunja machoni pa msikiti mzima. Baba alikuwa ameshasikia. Alikuwa ameketi barazani, ananoa visu.

"Mimi na Nyaga tulikula ini la mbuzi," aliniambia. "Wewe umekula ini la mtu."

Akavifunga visu vyake kwenye gunia, akamgawia mchinjaji mwenzake. Hakuchinja tena. Miaka yake miwili ya mwisho alikula maharagwe na mchicha, na nyama niliyomletea mimi aliwapa majirani. Alipokufa nilimwosha mimi.

Mtauliza, kwa nini sikuirudisha leseni? Nilikwenda! Nilimwekea karani fremu juu ya meza. Akasema sawa, mwenyewe aje aweke kidole. Nikamwambia mwenyewe yuko kambini kwa sababu hana leseni. Karani akaniangalia, akaniuliza kama nina la ziada, kwa kuwa watu wamepanga foleni nyuma yangu.

Hali ya Hatari ilipokwisha, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Nikapata habari Njiru amerudi. Nikaifunga fremu kwenye gunia, nikateremka Siakago kwa miguu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno mengi mazuri, mengine nilikuwa nimeyapanga kwa miaka.

Alikuwa ameketi mbele ya duka lililofungwa. Nywele zimeingia mvi, mguu mmoja haukunjiki, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa. Muthoni aliponiona aliingia ndani. Nikaweka gunia chini, nikafungua mdomo... Njiru akainua mkono.

"Gichiaro, kaa."

Nikakaa.

"Mimi sijawahi kukuomba kitu," alisema. "Leo naomba."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, wallahi! Nilisema moyoni, aombe nyumba, aombe jicho, aombe uhai wangu, nitampa leo na nitalala. Nikamwambia, "Omba! Omba chochote!"

"Usiniombe msamaha."

Sikuelewa. Akagusa kifua chake na ule mkono mbovu.

"Ukiniomba nitakupa. Ni lazima nikupe, unajua. Na hapa ndani hakuna. Nitakuwa nimekupa kitu ambacho sina, nitakuwa nimekudanganya, na kukudanganya siwezi. Kwa hiyo usiombe. Ngoja. Siku kitakapokuwepo, nitakuletea mwenyewe mpaka Majengo."

Ningefanyaje, wasomaji? Mimi pia nimefungwa na ini lile. Mimi pia siwezi kumkatalia. Nikameza maneno yangu yote niliyoyapanga, nikasema, "Sawa."

Alifungua duka tena. Mbuzi walianza kupanda tena Meru, kidogo kidogo, na hakuninyima hata mmoja niliyemtaka. Kila mwaka baada ya mvua nilikwenda, tukaketi kwenye kibao kile, tukaongea mbuzi, nyasi na bei ya chumvi. Nilimtazama usoni mpaka macho yakauma. Hakusema, na mimi sikuomba. Halafu nilirudi nyumbani, nikasimama mlangoni, nikaitazama barabara ya msikitini.

Sasa mnajua kwa nini siwezi kukaa. Nilikuwa namngoja mtu mrefu anayechechemea.

Mwaka jana likaja neno kwamba Njiru ameaga. Nilikwenda mazikoni. Watu wa Siakago walinipisha nikatupa udongo wangu, maana mimi ni gichiaro wake, na hilo halifutiki. Baadaye Muthoni, sasa ajuza mwenye mkongojo, alinijia. Ilikuwa mara ya kwanza kunisogelea tangu ile siku ya ungo wa ndengu. Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama Njiru aliniachia neno.

"Kila mvua ikianza alisema, mwaka huu nitampelekea," aliniambia. "Alitoa viatu vyake vya safari, akaviweka mlangoni. Vinakaa siku mbili, tatu. Halafu anavirudisha chini ya kitanda."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu pia aliviweka." Aliuegemea mkongojo wake. "Nilivirudisha mimi, baada ya kumtoa ndani."

Sikujua nicheke au nilie. Mpaka leo sijui. Je, alikuwa anakuja? Au angevirudisha tena chini ya kitanda kama miaka yote? Ni nani wa kuniambia?

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Katika biashara zenu na katika nyumba zenu, mjueni mtu mnayemwomba. Kuna watu ambao kukataa kwao ni salamu tu, unakataliwa asubuhi na jioni mnakunywa chai. Waombeni hao mpaka mchoke. Lakini kuna mwingine, labda ni ndugu yako, labda ni mkeo, labda ni mama yako mzazi, ambaye kwako wewe hana mdomo wa kusema hapana. Kabla hujamfungulia mdomo huyo, jikatalie wewe kwa niaba yake. Muthoni aliniambia hivyo bure, akanitundikia na mfuko begani, na mimi nikavuta kibao nikakaa.

Nimeandika haya nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kabati. Mjukuu wangu ananiuliza, "Babu, unamwangalia nani barabarani?" Nimemwambia hakuna mtu. Najua hakuna mtu, nilimtupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini mvua imeanza leo asubuhi, na mlango nimeuacha wazi.